Vitabu Vimefika, Ufunguo Bado

Lori lilipoingia shuleni siku ile tulikuwa tumekaa barazani kwa fundi cherehani, ng'ambo ya barabara. Aliyeliona kwanza ni mama muuza vitumbua. "Jamani, vitabu hivyo," akasema, na sote tukageuza shingo. Makatoni yakaanza kushushwa, nasi tukawa tunayahesabu kwa sauti kama watu wa bi harusi wanaohesabu mahari. Vijana wawili wa bodaboda wakaziacha pikipiki zao kijiweni wakavuka kwenda kusaidia kubeba, hakuna aliyewaita. Waliporudi mmoja alikuwa ananusa viganja vyake, anasema vinanukia wino mpya.

Huo ulikuwa mwezi wa pili. Huu tulio nao ni wa tisa. Kama yupo mtoto katika kata hii aliyewahi kukilaza kitabu kimojawapo kati ya hivyo mapajani mwake akakisoma, na ajitokeze tumnunulie soda.

Tueleweke mapema. Hatulalamiki kwamba vitabu haviletwi. Hilo tulililalamikia miaka nenda miaka rudi, na tulikuwa na haki. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika madarasani kama dagaa wavuni, wakawa wanne au watano wanagombania kitabu kimoja, aliye katikati ndiye anayesoma na wa pembeni wanasikiliza. Safari hii vimeletwa. Tena ni vya mtaala mpya, ule ulioanza Januari 2024 kwa watoto wa awali, la kwanza na la tatu, kisha ukapanda mpaka sekondari. Kimo humo cha Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili, maana yake hata mzazi aliyeishia la saba angeweza kukaa na mwanawe chini ya taa wakabishana kuhusu Mkwawa. Kwa hiyo lalamiko letu limehama. Sasa tunalalamikia kufuli.

Ni kufuli la shaba, kubwa, la aina ile wanayofungia maduka ya vifaa vya ujenzi. Limening'inia kwenye mlango wa maktaba, na maktaba yenyewe, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, ni jengo zuri. Ina vigae, ina madirisha ya aluminiamu, rangi yake haijaanza hata kubanduka. Siku ya uzinduzi tuliitwa, tukaimbiwa ngonjera, mgeni rasmi akakata utepe, akaingia, akapigwa picha amekishika kitabu, akatoka. Sisi tulichungulia kutoka mlangoni kwa sababu tuliambiwa sakafu imepigwa deki. Tangu hapo ufunguo unakaa kwenye mtoto wa meza ya Mkuu wa Shule. Mkuu ana vikao halmashauri, ana semina, ana msiba kwao. Wa akiba ulikuwa kwa mwalimu wa Kemia, naye alihama mwaka jana, na tunavyosikia alihama nao mfukoni kwa bahati mbaya.

Mwezi wa tano tukachoka kunung'unikia barazani. Tukatuma watu watatu: mama wa vitumbua, mzee mmoja mstaafu wa reli, na fundi cherehani kwa kuwa ndiye mwenye shati la mikono mirefu. Tuliambiwa tumwone mwalimu wa maktaba. Sasa hapa ifahamike kwamba mwalimu wa maktaba si mkutubi. Hakusomea ukutubi, na hakuna mshahara wa kazi hiyo. Ni kijana anayefundisha Kiswahili mikondo minne, ana vipindi 28 kwa wiki, ndiye pia mwalimu wa michezo, na wiki ya zamu yake ndiye anayesimamia uji. Maktaba aliongezewa kwenye kikao cha walimu siku ambayo yeye alikuwa anaumwa.

"Shikamoo mama. Shikamooni wazee."

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kuulizia vile vitabu."

"Vipo salama, mama. Msiwe na wasiwasi."

Ndilo neno alilotumia, salama. Akatufungulia na leja tuone kwa macho yetu. Ilikuwa imepigwa mistari kwa rula, wino wa bluu, mwandiko wa mtu anayejiheshimu. Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina la kitabu, halafu vilivyopokelewa, vilivyotolewa, salio. Vilivyopokelewa imejaa kutoka juu hadi chini. Salio nayo imejaa, tarakimu zilezile. Katikati yake, vilivyotolewa, palikuwa peupe kama shuka la hospitali siku ya ugeni.

Fundi cherehani akauliza mbona hapa hapajaandikwa kitu. Kijana akakuna kichwa, akafunga mlango wa ofisi, ndipo akasema ukweli. "Wazee wangu, kikipotea kimoja nitaandika maelezo mimi. Kikichanika, maelezo ni yangu. Kikikaa kabatini hata miaka mitano, hakuna atakayekuja kuniuliza neno."

Basi hasira tuliyoipandisha kutoka nyumbani ikakosa pa kukaa. Tulikwenda tukidhani tutamkuta mvivu, tukamkuta mwoga, na woga wake una sababu. Wadhibiti ubora wakija wanauliza vitabu vingapi mmepokea, vingapi vipo. Hesabu zikilingana, shule imefanya vizuri. Swali la ni watoto wangapi wamekisoma kitabu fulani halimo kwenye karatasi zao, walau hatujawahi kusikia likiulizwa. Mtumishi gani mwenye akili atajitafutia makosa kwa kugawa kitu ambacho kutokukigawa ndiko kunakompa alama?

Mzee wa reli alitoka pale kimya. Kufika barazani ndipo akafunguka. Akatukumbusha mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, ile ya vikundi vya kusikiliza redio. Watu kiasi cha milioni mbili nchi nzima walijiunga na vikundi hivyo, na kila kikundi kilikuwa na kijitabu. Yeye alikuwa kijana, kikundi chao kilikutana chini ya mwembe karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli. Anasema kijitabu chao kilisomwa hadi kikalainika kama kitambaa, pembe zikajikunja, jalada likashonwa kwa uzi wa gunia, na ukurasa wa choo cha shimo ulikuwa na alama za vidole vyenye udongo kwa sababu watu walikuwa wanachimba huku wanautazama. Hakuna aliyeandikishwa maelezo. "Kingerudi kisafi," akasema, "bwana afya angetuuliza mlikuwa mnafanya nini."

Si wote tunaokubaliana, na tusijifanye. Mwenye duka la rejareja anasema watoto wa siku hizi hawana adabu na vitu, ukiwapa vitabu wiki mbili tu utaviona vimefungiwa vitumbua. Mama akamjia juu. Na hapo ndipo alipotutolea kisa ambacho alikuwa amekinyamazia.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, yeye na wenzake hufungia vitumbua kwenye karatasi, na karatasi hununua kwa kilo kwa vijana wanaopita na mikokoteni. Mara nyingi ni magazeti, daftari kuukuu, karatasi za ofisini. Siku moja akafungua fungu akakuta kurasa za kitabu cha Jiografia cha shule ya msingi, cha mtaala wa zamani. Kilikuwa na muhuri wa shule, si ya hapa kwetu, na hatutaitaja. Alikuwa ameuhifadhi ukurasa mmoja, akautoa kwenye kibindo. Tukaupitisha mkono kwa mkono. Ulihusu Bonde la Ufa, una mchoro wa maziwa, Tanganyika limelala kama ndizi. Doa la mafuta lilikuwa limeenea kutoka Ziwa Rukwa kwenda kusini. Lakini ukiliondoa doa hilo, ukurasa ulikuwa mpya kabisa. Haukuwa na mkunjo, haukuwa na jina la mtoto lililochorwa pembeni, wala ndevu alizochorewa mtu kwenye picha. Kitabu kile kilikaa kabatini mpaka mtaala wake ukafa, kikatolewa kwa mizani. Msomaji wake wa kwanza alikuwa mteja wa vitumbua.

Mwenye duka hakujibu. Alinunua vitatu, akala.

Huku nyuma watoto wanaishije? Wanaishi kwa kusimuliana. Kaka na dada zao waliotangulia walisoma Takadini, ile hadithi ya Ben Hanson ya mama anayemkimbiza mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe. Darasa zima lilikuwa na nakala moja, tena isiyo na kurasa za mwisho. Kwa hiyo mwaka ule walitokea watu wa madhehebu mawili, waliosema Takadini anakufa na waliosema anaoa. Walibishana mpaka kwenye foleni ya maji. Mtihani wa kidato cha nne ukaja, swali likataka hoja tatu kutoka kila riwaya, na kila mmoja akaandika mwisho wa dhehebu lake. Sasa hivi bodaboda mmoja wa hapa, ambaye alikuwa kwenye darasa hilo, bado anataka kujua. Tulimshauri akasome maktaba, akacheka karibu aanguke kwenye pikipiki.

Mtu atasema vitabu vipo mtandaoni. Ndiyo, tunajua. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, unaingia, unachagua darasa, unasoma bure, na kwa mtu mwenye simu kubwa na bando ni jambo zuri sana, hatulibezi. Ila mwanafunzi akikutwa na simu shuleni anarudishwa nyumbani akamlete mzazi. Nyumbani simu kubwa ni ya baba, na baba yuko kijiweni mpaka saa tatu usiku, akirudi chaji imebaki asilimia nne. Walimu nao waligawiwa vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, wakafurahi na sisi tukafurahi. Bando la kuvitumia halikuja navyo. Kijana wetu wa Kiswahili hununua la mia tano kwa pesa yake, anafungua ukurasa, anauandika ubaoni, watoto wananakili. Karne ya ishirini na moja hiyo, na kitabu chenyewe kimelala chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati.

Wenye uwezo kidogo wanakwenda steshenari. Kuna jamaa pale stendi anazo PDF zote, amezikusanya kutoka makundi ya WhatsApp, anakutolea nakala kwa shilingi mia ukurasa. Kitabu cha kurasa 180 ni shilingi 18,000. Ukibana kurasa mbili kwenye karatasi moja anakupunguzia, lakini maandishi yanakuwa mchwa, na picha zote zinageuka weusi mtupu. Mama mmoja alimchapishia bintiye kitabu cha Baiolojia. Mchoro wa moyo ukatoka kama kipande cha mkaa. Binti akaupaka rangi mwenyewe kwa kalamu nyekundu na bluu, akikisia mishipa ipi ni ipi. Hiyo elfu kumi na nane ingekuwa unga, mafuta na dagaa kwa siku kadhaa, na tunaitoa ili kununua kivuli cha kitu ambacho kodi yetu imekwisha kukilipia na kukishusha kwenye lori mbele ya macho yetu.

Tuliokuwa pale siku ya uzinduzi tunayakumbuka na makatoni ya msaada kutoka ng'ambo. Hayo, kwa ajabu, hayakufungiwa. Yamepangwa kwenye rafu ya nje, koridoni, yeyote ajihudumie. Humo utapata mwongozo wa kutumia kompyuta za Windows 98, kitabu cha mapishi ya nyama ya bata mzinga, na juzuu la saba la ensaiklopidia, peke yake, bila ndugu zake. Mtoto wa jirani alisoma lile juzuu lote. Sasa ukimuuliza jambo linaloanza na herufi alizozikuta mle anakujibu kama profesa. Ukitoka nje ya herufi hizo anainama. Tunacheka, lakini tazameni alivyo na njaa: amesoma juzuu zima la saba, kwa Kiingereza, amesimama koridoni.

Na tusisahau Februari 2023, serikali ilipopiga marufuku vitabu 16 visitumike mashuleni, vikiwemo vile vya Diary of a Wimpy Kid, kwa kuwa havilingani na maadili yetu. Ubaya wa vitabu hivyo si mjadala wetu. Tunachokumbuka ni kwamba ndiyo siku pekee mwaka ule tulipoiona maktaba yetu imefunguliwa mchana kweupe. Walimu watatu waliingia, wakapekua rafu zote, hawakukuta hata kimoja kati ya kumi na sita. Wakafunga. Mtu mmoja hapa barazani alisema tungekuwa na bahati ya kukutwa nacho walau kimoja, maana kitabu kilichokatazwa watu hukitafuta wakisome.

Tumetoa mapendekezo, tusionekane hodari wa kunung'unika tu. Tulisema watoto waazime kila Ijumaa, warudishe Jumatatu, jina liandikwe na mzazi atie sahihi, kikipotea tulipe sisi. Mama wa vitumbua alijitolea kukusanya wanawake wavifunike vyote majalada ya karatasi ngumu, kama tulivyofunikiwa sisi zamani. Fundi akasema atashona mifuko ya khanga, mmoja kwa kila kitabu, kitambaa kipo, ni vipande tu vinavyobaki. Mzee wa reli alikuwa tayari kukaa pale mlangoni jioni na daftari, alishika daftari la mizigo miaka thelathini na haukupotea mfuko. Tukayaandika haya, tukayapeleka bodi ya shule. Jibu likaja kwamba ni mawazo mazuri sana na yatazingatiwa baada ya mitihani. Kidato cha pili wana wa kwao, cha nne wana wa kwao, katikati kuna mock, kuna ya wilaya, kuna ya mkoa. Ukiitazama kalenda ya shule vizuri, siku iliyo baada ya mitihani haimo.

Wakati huohuo treni ya umeme inatupita hapa kwa mbali kama mshale. Dar hadi Morogoro chini ya saa mbili, jambo ambalo mzee wetu wa reli hulitazama kila jioni akitikisa kichwa kwa raha. Anasema yeye hana ugomvi na mwendo wa vitabu tena. Kutoka kiwandani hadi getini vinafika. Zilizobaki ni hatua kama arobaini, kutoka kwenye lile kabati hadi kwenye dawati la kidato cha kwanza, na hizo ndizo zimechukua miezi saba na bado zinahesabika.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili, nyumba ya tatu kutoka kwa fundi. Huyu aligundua njia yake. Kabati la kwanza la maktaba limesimama mkabala na dirisha la upande wa miembe, na ukisimama juu ya tofali mbili ukakinga jua kwa viganja, migongo ya vitabu inasomeka. Alikuwa anakwenda pale saa nne, wenzake wakiwa kwenye uji. Rafu ya juu anaijua kwa moyo, kutoka kushoto kwenda kulia, jina la kitabu na rangi yake. Siku moja alitukariria barazani kama anayesoma orodha ya wafalme. Rafu ya pili alikuwa amefika nusu. Kuna kimoja chembamba, cha kijani, mgongo wake umegeuzwa ukutani, na hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima usingizi. Alitutajia makisio yake kama matano hivi ya kilichomo.

Mwezi uliopita tuliitwa kikao cha wazazi. Michango ya lazima imekatazwa, kwa hiyo tuliombwa ya hiari, shilingi elfu mbili kila mzazi, na majina ya waliojitolea yangebandikwa ubaoni ili wengine wajue wao hawajajitolea. Tulipouliza ya nini, tukaambiwa ni ya maktaba. Tukafurahi, tukatoa. Hata mwenye duka alitoa elfu tano.

Wamenunua pazia. Jua la saa nne lilikuwa linachubua rangi za vitabu.

Ni pazia zuri, zito, la bluu. Tofali zile mbili bado ziko chini ya dirisha.